Kilo ya nyama hapa Mahagi: mfugaji apate, na aliyekimbia vita naye ale

Kwa wiki nyingi simu za kipindi cha asubuhi zinaleta swali moja lenye pande mbili. Mnunuzi anauliza: mbona nyama ya ng'ombe imekuwa ghali hivi? Mfugaji anauliza: mbona mimi ninayefuga sioni kitu? Wote wawili wanasema kweli, ndiyo sababu nimeamua kuandika. Mambo haya yana hesabu nyingi, na hesabu ukizisikia redioni mara moja zinapotea.

Nianze na njia anayopita ng'ombe. Mchuuzi anapanda mlimani, anamtazama mnyama kwa macho, anambonyeza mgongoni karibu na nundu, kisha anataja bei. Mizani hakuna. Mfugaji anajua bei hiyo ni ndogo, lakini mchuuzi amekuja siku ambayo mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, au mgonjwa amelala hospitali na dawa hazijalipwa. Anakubali. Ng'ombe anauzwa tena njiani, pengine mara mbili, na kila mkono unaongeza chake. Akifika kwa mchinjaji wa sokoni, bei ya kilo imekwisha kupanda kabla kisu hakijatolewa.

Juu ya hayo kuna vita. Tangu Desemba 2017, mapigano yalipowaka tena Djugu, watu wameuawa, vijiji vimechomwa na mifugo imeporwa kwa makundi. Barabara ya taifa namba 27, inayotoka Bunia kuja kwetu mpaka mpaka wa Uganda pale Goli, inapita katikati ya Djugu hiyo hiyo. Hali ya dharura ya kijeshi ilianza kutumika Ituri na Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021, lakini mwenye ng'ombe bado anauliza kila asubuhi kama njia iko salama. Na kwa kuwa tuko mpakani, bei yetu inasikiliza pia shilingi ya Uganda. Wanunuzi wa ng'ambo wakilipa vizuri, ng'ombe wanavuka. Mtu wa Mahagi-kati anabaki na maharage.

Ndani ya hali hiyo, mzee mmoja mfugaji, anayekaa mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka mjini, alinipigia simu. Ana ng'ombe tisa. Binti yake yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anangoja mtihani wa serikali. Shule ya msingi ya umma imekuwa bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari tunalipa, na mtihani unalipwa. Mchuuzi alikuwa amempa franka 900,000 kwa dume lake moja. Mzee akaniambia: "Mwanangu, nataka kumchinja mwenyewe na kuuza kwa kilo. Utangaze redioni." Nilimjibu kwamba tangazo ni jambo dogo, ila kwanza tukae na karatasi tuone kama kweli atapata. Tulikaa chini ya mti, yeye, mke wake na mimi, na daftari la yule binti.

Hesabu za siku ile naziandika hapa. Nimezilainisha ili kila mtu azifuate, na bei zinabadilika kila wiki, basi wewe weka bei ya soko lako mahali pake. Cha kushika ni namna ya kuhesabu.

Jambo la kwanza ni uzito. Ng'ombe wetu wengi ni wadogo wenye nundu, jamii ya Lugware inayojulikana huku kaskazini-mashariki mwa Kongo. Mizani ya kupimia ng'ombe mzima hatuna mlimani, lakini utepe wa fundi cherehani tunao. Ulimzunguka dume kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele: sentimita 140. Tukapima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa tako: sentimita 125. Unazidisha 140 kwa 140, unazidisha tena kwa 125, kisha unagawanya kwa 10,840. Jibu ni karibu kilo 226. Si kipimo cha dhahabu, lakini kinashinda jicho la mchuuzi.

Jambo la pili ndilo linalowashangaza wengi. Ng'ombe wa kilo 226 hatoi kilo 226 za nyama. Toa damu, ngozi, kichwa, miguu na vya tumboni, inabaki karibu nusu, na ndani ya nusu hiyo mifupa imo. Kwa dume lile tulihesabu kilo 113 zikiwa zimetundikwa. Nyama inapoteza maji inapokaa, na kisu kinapoteza vipande vidogo. Mzee akasema tushike kilo 105 za kuuza, tusijidanganye. Nilimpenda kwa neno hilo.

Jambo la tatu ni gharama. Mchinjaji na wasaidizi wake, veterinere wa kukagua, taksi ya soko, pikipiki za kushusha nyama mjini, maji, mifuko, vijana wawili wa kusimama mezani. Tulipojumlisha tulipata franka 150,000. Kwa upande mwingine, kichwa, miguu, maini, matumbo na ngozi vinaweza kuleta 120,000.

Sasa tazama. Mchuuzi anatoa 900,000. Ongeza gharama 150,000, ni 1,050,000. Toa 120,000 za matumbo na ngozi, inabaki 930,000. Gawanya kwa kilo 105: ni franka 8,857 kwa kilo. Hapo ndipo sakafu ilipo. Mzee akiuza chini ya 9,000 hivi, afadhali ampe mchuuzi ng'ombe na kurudi kulala. Wakati ule ule sokoni kilo ilikuwa 13,000. Kati ya 9,000 na 13,000 ndipo mfugaji na mnunuzi wanaweza kukutana bila mmoja kumla mwenzake.

Mzee alichagua 11,000. Kilo 105 kwa 11,000 ni 1,155,000. Ongeza 120,000, toa 150,000, mkononi inabaki 1,125,000. Ni franka 225,000 zaidi ya bei ya mchuuzi, na mnunuzi naye amepunguziwa 2,000 katika kila kilo. Mke wa mzee alizitazama tarakimu hizo kwa muda, kisha akauliza swali ambalo sisi wanaume hatukuwa tumeliuliza: "Na wale watakaosema watalipa mwisho wa mwezi?"

Tukahesabu na hilo. Kilo 20 zikichukuliwa kwa deni na deni lisilipwe, ni 220,000. Faida yote ya kuuza mwenyewe imekwisha, zimebaki 5,000. Umechinja, umesumbuka siku mbili, umegombana na shemeji yako, na umepata sawasawa na mtu aliyempa mchuuzi kamba ya ng'ombe na kwenda nyumbani. Ndugu zangu wafugaji, kama hamtashika neno lingine katika habari hii, shikeni hili: kwa nyama, deni ndilo mwizi wa kwanza. Mbuzi wa deni unaweza kumdai akiwa bado anatembea. Nyama ikishaliwa imekwisha.

Basi mama yule ndiye aliyepanga kazi. Alisema ng'ombe asiguswe mpaka nyama iwe imekwisha kuandikishwa. Sisi hatuna friji kubwa, na jua la Mahagi halingoji. Wiki nzima binti alizunguka na daftari: walimu, wauguzi, mapadri, mama wa migahawa, familia zenye matanga. Kila mtu aliandika kilo zake na kutoa nusu ya pesa, wengine mkononi, wengine kwa simu. Kilo 80 zilipojaa, ndipo siku ya kuchinja ikapangwa: Jumamosi alfajiri, kwa sababu watu wanapenda kula nyama Jumapili, na mwisho wa mwezi, walimu wakiwa wameona mshahara. Kilo 25 zilizobaki tuliziachia meza ya watu wasioandikwa, na hasa watu wa kambini.

Hapo mezani ndipo nilipojifunza jambo ambalo hesabu za chini ya mti hazikuwa nalo.

Mama mmoja aliyekimbia Djugu alikuja mapema, ana mtoto mgongoni na wengine wawili nyuma yake. Hakuuliza bei. Alimwambia mzee: "Papa, ngozi iko wapi?" Mzee akamwonyesha, ilikuwa imekunjwa kando ya meza pamoja na kichwa. Mama akainama, akaifungua, akatazama pajani pale wafugaji wanapochoma alama, akashika sikio moja, akashika na la pili. Kisha akasimama: "Sawa. Unipimie. Niko na elfu mbili tu."

Baadaye nilimwuliza sababu. Alinijibu bila kunyanyua sauti: "Zetu zilikuwa kumi na mbili. Walizichukua usiku mmoja. Nikinunua nyama bila kuona ngozi, naweza kuwa nalipia ng'ombe wangu mwenyewe."

Tangu siku ile mzee ana sheria, na ninaomba iwe sheria ya kila meza ya nyama katika teritwari yetu: ngozi na kichwa vinabaki wazi mezani mpaka kilo ya mwisho iuzwe, na karatasi zinabandikwa karibu yake. Karatasi ya chifu inayosema ng'ombe ametoka zizi gani, na ya veterinere inayosema amekaguliwa. Nyama ya bei rahisi mno isiyo na ngozi wala karatasi, tusifurahi nayo haraka. Mahali fulani kuna mtu anaililia. Na mwenye ng'ombe wa halali naye anaumia, kwa sababu hawezi kushindana na mtu ambaye ng'ombe hakumgharimu chochote.

Karatasi ya veterinere ina kazi nyingine pia. Mwezi Aprili 2025 viboko zaidi ya 50 walikutwa wamekufa katika mbuga ya Virunga, upande wa Ziwa Edward, na vipimo vikaonyesha kimeta. Ugonjwa huo unashika ng'ombe na unaweza kumwua mtu anayemchuna au kumla. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe hata kama jana alikuwa mzima hachinjwi, hachunwi, hauzwi nusu bei kwa maskini. Anafukiwa, na veterinere anaitwa. Najua njaa inavyosema. Lakini kwa jambo hili tusiisikilize.

Turudi kwa ile elfu mbili ya mama. Sokoni, mtu mwenye pesa kidogo hapimiwi kwa kilo, anauziwa fungu. Nilinunua fungu moja la franka 2,000 nikalipeleka kwenye mizani: gramu 140, mfupa ukiwemo. Piga hesabu, kilo yake inafika zaidi ya 14,000. Mwenye mshahara anayenunua kilo tatu analipa 13,000 kwa kilo, na mama wa kambini anayenunua fungu analipa zaidi ya 14,000. Asiye na kitu ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote, na hakuna aliyempigia kelele kwa sababu fungu halisemi uzito wake.

Mzee alikubali mizani ipime hata kidogo. Lakini mama yule alikuwa na neno lingine, na alilisema kama mtu aliyezaliwa kati ya ng'ombe. "Papa, ukiwakatia hawa wakubwa mnofu kwanza kwa bei ile ile, sisi itatubakia mifupa kwa bei ya mnofu." Ilikuwa kweli. Walioandikishwa wengi walikuwa wanaonyesha kwa kidole: nikatie hapa, nikatie pale. Saa mbili asubuhi paja moja lilikuwa limekwisha kwisha na mbavu zote zilikuwa bado zinaning'inia.

Mzee alisimamisha kisu, akaniita na daftari. Tukafanya bei mbili. Mnofu mtupu, kilo 30, kwa franka 13,000 kama sokoni: 390,000. Mchanganyiko wa nyama na mfupa, kilo 75, kwa 10,200: 765,000. Jumla ni 1,155,000, ile ile ya mwanzo. Mfugaji hakupoteza hata franka moja. Anayetaka mnofu analipia mnofu, na mwenye elfu mbili alipata karibu gramu 200 badala ya 140. Wachache walinung'unika, walipe mnofu kwa nini. Mzee aliwajibu kwa upole kwamba mchanganyiko pia upo, na ni mtamu kwa mchuzi. Wengine walicheka wakachukua mchanganyiko.

Bei zote mbili ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao, kwa franka na kwa shilingi, na kiwango cha kubadilisha kikakubaliwa asubuhi mbele ya watu, kisibadilike mpaka jioni. Hili ni muhimu kwetu wa mpakani, kwa sababu ugomvi mwingi wa sokoni unaanzia kwenye kiwango. Mizani nayo ilijaribiwa hadharani. Chukua chupa ya lita moja, ipime ikiwa tupu, ijaze maji, ipime tena. Tofauti lazima iwe kilo moja. Mizani ikisema vingine, mizani ndiyo inayosema uongo, maji hayasemi uongo. Mteja yeyote ana haki ya kuomba jaribio hilo, na muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Saa saba mchana nyama ilikuwa imekwisha. Wanne kati ya walioandikishwa hawakuja, na kilo zao ziliuzwa mezani. Nusu walizotanguliza zilirudishwa wiki iliyofuata, ingawa jirani mmoja alimshauri mzee azishike. Mzee alisema mtu aliyerudishiwa pesa atarudi yeye mwenyewe, na mwezi uliofuata watatu kati ya hao wanne walikuwa kwenye daftari tena.

Mtihani mkubwa ulikuja mara ya pili alipochinja. Siku hiyo iliangukia karibu na siku ambapo familia za kambini ziligawiwa pesa za msaada. Kila mfanyabiashara anajua siku hiyo. Chumvi inapanda, sabuni inapanda, samaki wa Ziwa Albert anapanda. Vijana wa mezani walimwambia mzee: "Papa, leo weka mchanganyiko elfu kumi na tatu, wanazo." Na ni kweli wangelipa. Mzee alifikiri. Sitasema kwamba hakuvutwa, nilikuwa pale nikamwona akihesabu kwa vidole. Mwishoni aliacha bei ya ubao kama ilivyo. Alisema hivi: "Leo nitapata, lakini kesho wakiishiwa watakumbuka ni nani aliyewaishia."

Sisemi kwamba kuuza moja kwa moja ni dawa ya kila kitu. Mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa asimchinje kwa sababu amesikia hesabu hizi. Anayekaa mbali na mji, pikipiki zitamla faida, na kwake afadhali wafugaji watatu au wanne waungane, wachinje kwa zamu, wiki hii wa huyu, wiki ijayo wa yule, kwa daftari moja na meza moja. Njia ikifungwa kwa risasi, hesabu zote zinalala. Na mchuuzi naye si adui. Anabeba hatari ya barabara, na kuna siku pesa yake ya haraka ndiyo inayookoa mgonjwa. Mfugaji aliyekwisha kupima ng'ombe wake kwa utepe na anayejua sakafu yake anaweza kuuza hata kwa mchuuzi kwa bei nzuri zaidi. Mzee wetu dume lake la tatu alimwuzia mchuuzi yule yule, mlimani, kwa 1,050,000. Hakuwa na haja ya kuchinja. Alionyesha karatasi tu.

Kwa viongozi wetu nina maombi matatu madogo. Mahali pa kuchinjia penye maji na sakafu ya saruji, veterinere awepo alfajiri na muhuri wake. Mizani moja ya umma sokoni, ambapo mtu yeyote anaweza kupima alichonunua bila kulipa. Na ubao unaoonyesha taksi zote za nyama na kiasi chake, kwa sababu kila tozo isiyo na karatasi inayochukuliwa njiani inaishia katika sufuria ya mama wa kambini.

Binti wa mzee amelipiwa mtihani. Mama wa Djugu bado yuko kambini, na ng'ombe wake kumi na wawili hawajulikani waliko. Lakini Jumamosi za nyama mzee anamwita asimame mezani karibu na mizani, kwa malipo ya kilo moja na franka kidogo, kwa sababu anajua nyama na watu wa kambini wanamwamini. Wanunuzi wengi wapya sasa, wakifika, neno lao la kwanza ni lile lake: ngozi iko wapi?

Ninyi mlio Ndrele, Nioka, Mahagi-kati na kambini, tuleteeni bei ya kilo mnayouziwa na uzito wa fungu mnalopewa. Tutazisoma hewani asubuhi ya Jumamosi, ili anayekwenda sokoni aende akijua.